Mdomo kwa sikio: laptopu yako na kontrola ya jengo

FUNDI ANAJIBU

Kutoka Upanga, Dar es Salaam

Shikamoo fundi. Mimi ni fundi wa zamu kwenye jengo la maofisi, ghorofa kumi. Juu kabisa kwenye chumba cha mashine kuna paneli yenye kontrola inayoendesha mashine za hewa baridi za jengo zima, ni ya zamani na mbele ina poti ya pini tisa. Walioifunga walishaondoka, makabrasha hayaonekani, na kila tukitaka kubadilisha saa ya kuwasha asubuhi inabidi tumuite jamaa mmoja anakuja na laptopu na kebo yake, dakika tano kamaliza, analipwa, kwaheri. Nikasema hapana, na mimi nina mikono. Nikaenda Kariakoo nikanunua adapta ya USB na kebo ya pini tisa, nikashusha PuTTY (programu ya kuongea na vifaa kwa maandishi), nikaweka COM3 (namba ambayo Windows imeipa adapta), spidi 9600. Inafunguka skrini nyeusi na kale kamraba ka kijani, basi. Nimebonyeza Enter mpaka kidole kinauma. Kontrola imekufa au mimi ndio sijui?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Kontrola haijafa, ingekuwa imekufa wapangaji wa ghorofa zote kumi wangeshakupandia huko juu mashati yamelowa. Na wewe umekosea kitu ambacho wote tumekikosea, mimi nimekikosea zaidi ya mara moja na mvi zangu hizi.

Iko hivi. Hiyo kebo yako ina mashimo tisa huku na tisa kule lakini kazi yenyewe inafanywa na nyaya tatu tu. Pini namba 3 ya laptopu ni mdomo, inatolea maneno. Pini namba 2 ni sikio. Namba 5 ndio sakafu wanayosimamia wote wawili, bila hiyo hamna anayejua juu ni wapi na chini ni wapi. Sasa kama kontrola nayo imepangwa vilevile kama laptopu, mdomo 3 na sikio 2, halafu wewe umechomeka kebo iliyonyooka, 2 kwa 2 na 3 kwa 3, hapo umefunga mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Laptopu inapayuka, kontrola inapayuka, na masikio yote mawili yametegwa hayasikii kitu.

Huu mkanganyiko sio wa leo. RS-232, yaani kanuni ya mazungumzo ya poti kama hiyo yako, ilitungwa Marekani mwaka 1960 na wenyewe walikuwa wanawaza mashine ya kuchapia upande huu na modemu upande ule, na modemu ikapangwa kinyume makusudi ili kebo iliyonyooka ikae sawa. Hawakuwaza kwamba siku moja mtu atakutanisha vifaa viwili vyote vya upande mmoja. Ndio maana leo kuna kebo iliyonyooka na kebo ya krosi (inayopeleka 2 kwa 3 na 3 kwa 2) na zote mbili zinafanana kama mapacha, rangi ileile, vichwa vilevile, na muuza duka anakupa ile iliyo karibu na mkono wake.

Lakini usikimbilie kununua nyingine. Anza kwako. Chomoa kebo, baki na adapta tu kwenye laptopu, chukua kipande cha waya mwembamba au kibanio cha karatasi ukikunjue, unganisha pini 2 na pini 3 za adapta. Namba zimeandikwa kwa herufi ndogo sana kwenye ile plastiki nyeusi, washa tochi ya simu utaziona. Fungua PuTTY, andika habari. Ukiona habari kwenye skrini maana yake mdomo wako unaongea na sikio lako mwenyewe linasikia, adapta nzima, draiva (programu inayoiendesha adapta) nzima, COM uliyochagua ndio yenyewe. Toa kile kiwaya, andika tena, isionekane kitu. Ikigoma kwenye jaribio hili acha kabisa kuigusa kontrola, shida iko mezani kwako.

Na ikigoma nenda Device Manager ya Windows uangalie kama adapta ina alama ya njano. Kuna adapta nyingi zenye chipu za PL2303 za zamani, na nyingine za kughushi, ambazo draiva mpya ya Windows inazikataa hadharani, inakuandikia pale kwamba chipu hii iliondolewa sokoni tangu 2012 wasiliana na aliyekuuzia. Sasa ukawasiliane na nani Kariakoo, yule kijana ameshahama meza. Nunua nyingine tu. Chipu za FTDI mafundi wengi wanazipenda, CH340 ni rahisi na zinafanya kazi, ila hata hizo FTDI feki zipo tele.

Haya, upande wako umepona. Sasa chukua mita, iweke kwenye DC volti 20. Adapta ikiwa imechomekwa na PuTTY imefunguliwa (maana nyingine zinalala mpaka poti ifunguliwe), waya mweusi wa mita weka pini 5, mwekundu gusa pini 3. Utaona hasi. Hasi tano, hasi sita, zingine mpaka hasi kumi na kitu. Huo ndio mdomo uliofumbwa, kwenye RS-232 asiyeongea anakaa kwenye volti hasi. Sasa nenda kwenye poti ya kontrola bila kebo, fanya hivyohivyo, 5 na 3, halafu 5 na 2. Ile inayokaa kwenye hasi imara ndio mdomo wa kontrola. Ukiikuta kwenye 3 mko sawasawa, unahitaji krosi. Ukiikuta kwenye 2, kebo iliyonyooka inatosha na shida yako ni nyingine. Dakika mbili umeshajua, bila kubahatisha.

Kuna majibu mengine mawili ambayo mita inaweza kukupa. Sufuri kote, basi inawezekana ile poti inasubiri ione laptopu imechomekwa ndio iamke, au imeharibika, au haijawahi kuwa RS-232. Na ukiona chanya, 3.3 au 5, simama hapohapo, hiyo sio RS-232, ni ishara za ndani za bodi zimetolewa nje kwa ajili ya kebo maalumu ya mtengenezaji, ukiisukumia volti zako hasi unaweza kuchoma chipu na hapo kweli itakuwa imekufa na ni wewe. Vilevile zile poti za mraba zinazofanana na za intaneti msizichokonoe ovyo, kwenye kontrola nyingine zinabeba umeme wa kulishia sensa za ukutani.

Kebo uliyonayo nayo ipime, mita kwenye mlio, shimo 2 la huku na shimo 2 la kule. Ikilia imenyooka. Ikilia 2 na 3 ni krosi. Kama unahitaji krosi, dukani waambie nali modemu, kuna kichwa kidogo kinachomekwa mwishoni mwa kebo uliyonayo kinageuza, huna haja ya kutupa kebo.

Sasa umechomeka sawa, bado kuna matatu ya kuangalia. Likija jibu lakini ni takataka, vimraba, alama za kuuliza, herufi zenye mikia, furahi, nyaya zako ziko sawa, mnapishana spidi tu. Jaribu 19200, 38400, 115200, na kwa mashine kongwe shuka 4800, 2400, 1200. Takataka ikipungua ila zibaki herufi chache za ajabu, angalia biti, kuna mashine zinataka 7 na pariti ya jozi (Even, biti ya ziada ya kukagua makosa) badala ya 8 bila pariti. La pili, unaisoma kontrola vizuri ila ukiandika haisikii, hapo kuna waya mmoja umekatika au ni ile sehemu ya PuTTY inayoitwa Flow control, yenyewe inakuja imewekwa XON/XOFF, weka None. Ikigoma bado, kuna kontrola zinadai pini 7 na 8 nazo ziwe na kitu, ukiziunganisha 7 kwa 8 upande wa kontrola inadhani imeruhusiwa inaendelea.

La tatu ndio watu hawapendi kulisikia. Kila kitu kinaweza kuwa sawa na bado skrini ikabaki nyeusi, kwa sababu ile poti haikutengenezwa kuongea na binadamu, inaongea na programu ya mtengenezaji tu na kwa lugha yake. Hata ubonyeze Enter hadi Idd. Kwa hiyo muangalie yule jamaa akija siku nyingine, anafungua nini? Kama anafungua skrini ya maandishi yenye menyu, basi na wewe unaiweza. Kama anafungua programu yenye picha za feni na mabomba, hiyo ni ya leseni, mwambieni mwenye jengo ainunue au aendelee kulipa.

Ukifanikiwa kuingia, usiguse chochote siku ya kwanza. Kwenye PuTTY kuna sehemu ya Logging, washa, pitia kila menyu taratibu, kila ulichokiona kitahifadhiwa kwenye faili. Siku ukibadilisha kitu kikaharibika unarudi kusoma kilikuwa ngapi.

Na usizime paneli! Kuna hoteli moja ya pwani, wakati huo bado kijana, nilitaka kufunga kebo vizuri nikaona nizime umeme wa paneli kwa usalama, si ndio tulivyofundishwa. Nilipowasha taa za kontrola zikapepesa halafu kimya. Kumbe programu yote ilikuwa inakaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri, na ile betri ilikuwa imeshakufa miaka mingi, umeme ndio ulikuwa unaibeba. Umeme umekatika, programu imeyeyuka, hakuna nakala. Jioni ile kulikuwa na harusi ukumbini. Tukageuza swichi zote kwenda mkono, feni moja moja, na mimi nikakaa siku nne mle chumbani nazima na kuwasha nikisikiliza redio ya simu kwa sababu meneja alisema sitoki. Kwa hiyo kabla hujagusa swichi tafuta betri iko wapi, ipime, na uhakikishe una nakala. Kwenye kontrola nyingi betri inabadilishwa paneli ikiwa na umeme, ila soma kwanza kilichoandikwa kwenye bodi.

Kitu kidogo, ukienda juu chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Kile kitekenyo unachokisikia ukigusa laptopu ya bodi ya chuma ikiwa kwenye chaja isiyo na ethi (waya wa ardhini) ni umeme unatafuta pa kwenda, na ukichomeka kebo utakuwa umeuonyesha njia, unapitia pini 5.

Kutoka Nyali, Mombasa

Hujambo mwalimu. Mimi ni msimamizi wa stima na AC kwenye hoteli. Kila chumba cha mashine kina kontrola ndogo, jumla 14, zote zinaongea Modbus (lugha ya kontrola na mitambo) kwa nyaya mbili. Nimenunua kigeuzi cha USB kwenda RS-485 nikaunga pale kwenye boksi la kati ambapo nyaya zote zinakutana. Zile tatu zilizo karibu nazisoma vizuri, za mbali zinakuja zikipotea, na jioni ni mbaya zaidi. Nimebadilisha kigeuzi mara mbili. Bosi anadhani ni kontrola zimezeeka.

Jibu

Sijambo dada yangu. Mwambie bosi aweke hela mfukoni kwanza. Umeshaitaja shida mwenyewe bila kujua, umesema "boksi la kati ambapo nyaya zote zinakutana".

RS-485 ni mdogo wake RS-232, alizaliwa 1983, na tabia ni tofauti kabisa. Yule mkubwa anaongea na mtu mmoja kwa umbali wa kama mita 15, huyu anabeba vifaa 32 vya kawaida hadi mita 1200 kwa spidi ndogo. Lakini ana sharti, nyaya zipite kama uzi wa tasbihi, punje baada ya punje, kontrola ya kwanza kwenda ya pili kwenda ya tatu mpaka ya mwisho. Hataki mti wenye matawi. Pale kwenye boksi ishara ikifika inagawanyika njia kumi na nne, kila ncha inairudisha kama sauti kwenye kisima, zinagongana. Za karibu zinavumilia, za mbali zinaumia. Na jioni, wageni wakirudi vyumbani, feni na pampu zinashika kasi na kelele ya stima inapanda, ile ishara iliyokuwa inachechemea inaanguka.

Najua huwezi kubomoa kuta. Ila mara nyingi kila boksi lina nyaya za ziada, kebo yenye jozi mbili, moja haitumiki. Ukiwa nayo unapeleka ishara kwa jozi ya kwanza mpaka kwenye kontrola na unairudisha kwenye boksi kwa jozi ya pili, kisha inaenda tawi linalofuata. Kwa macho bado ni mti, kwa umeme ni uzi mmoja. Njia itakuwa ndefu maradufu lakini una mita 1200, hoteli yako haifiki huko.

Halafu ncha mbili za uzi, mwanzo na mwisho, kila moja iwekwe rezista ya ohm 120. Ncha mbili tu, sio kila kontrola, nimewahi kukuta mtu ameweka zote kwa sababu kila bodi ilikuja na ile swichi ndogo akaona aiwashe. Kupima ni rahisi, hakikisha kwanza betri na nakala kama nilivyomwambia yule wa Upanga, kisha zima vyote, mita kwenye ohm, gusa A na B. Ukipata karibu na 60 uko sawa, maana 120 mbili zikiwa sambamba ni 60. Ukipata 120 kuna moja imekosekana. Ukipata ishirini na kitu kuna mtu amewasha swichi.

A na B zenyewe usiziamini. Kuna kampuni zinaita A ile chanya na kuna zinazoita A ile hasi, zote zimeandika kwa kujiamini. Kontrola moja ikikataa kabisa na wenzake wanaongea, pindua nyaya zake mbili ujaribu, haitaungua. Ikikubali andika kwa peni palepale kwenye bodi usije ukamtesa fundi mwingine.

Angalia anwani pia. Mbili zikiwa na namba moja zitajibu kwa pamoja na hutasikia hata moja, na utadhani zote mbili ni mbovu. Zima moja, ita namba ile, kama inajibu umemkamata. Ule wavu wa kinga wa kebo uungane njia nzima lakini ethi upewe upande mmoja tu.

Usishangae ukifungua PuTTY kwenye hizi nyaya ukaona kimya. Modbus haisalimii, mtumwa (kontrola) hajibu mpaka bwana (laptopu yako) amwite kwa namba yake, na bwana akikosea hata biti moja ya hesabu ya mwisho ya kukagua ujumbe, mtumwa ananyamaza. Utahitaji programu ya Modbus, za bure zipo, na uanze na spidi na pariti iliyoandikwa kwenye bodi. Kiwango kinasema 19200 na pariti ya jozi ndio chaguo la kawaida lakini huku mtaani nimekuta 9600 bila pariti mara nyingi zaidi.

Kutoka Maskati, Oman

Assalaam alaykum. Nafanya kazi ya matengenezo kwenye jengo la maduka. Programu ya kontrola ni ya enzi za Windows XP, inataka COM1 mpaka COM4 tu. Laptopu yangu mpya adapta inajiita COM11 na programu haiioni. Pia kuna nywila, aliyekuwepo kabla yangu karudi kwao, unaijua ya kiwandani?

Jibu

Waalaykum salaam kaka. La kwanza jepesi. Device Manager, bonyeza adapta mara mbili, Port Settings, Advanced, chini kuna namba ya COM, chagua 2 au 3. Ikikuambia inatumika, mara nyingi ni mzimu wa adapta nyingine uliyowahi kuchomeka zamani, endelea tu kama una uhakika hakuna kingine kilichochomekwa. Halafu tumia tundu lilelile la USB kila siku, maana adapta nyingi ukihamisha tundu Windows inaihesabu kifaa kipya na kuipa namba mpya, utarudi kuniandikia. Programu yenyewe ikigoma kwenye Windows mpya usihangaike nayo, weka XP ndani ya kompyuta ya kufikirika kama VirtualBox uipe ile adapta, au tafuta laptopu kuukuu yenye poti halisi ya pini tisa, huko kwenu masoko ya vitu vilivyotumika hayakosi, uifungie kabatini na uikataze intaneti.

Nywila sitaandika hapa, hata kama naijua. Mwenye jengo aandike barua kwa wakala wa mtengenezaji akiwa na namba ya siriali ya bodi, ile ya kwenye kibandiko, wanazo taratibu za kuthibitisha na kufungua. Na ukiona kitufe cha kurudisha kiwandani kwenye bodi usikiguse, kwenye kontrola nyingi kinafuta nywila pamoja na programu nzima, na wewe nakala huna kwa sababu bado hujaingia.